Mwanafunzi wa Mbali na Kitu cha Karibu

Kila muhula unapoanza, kabla sijawafungulia wanafunzi wangu ukurasa wa kwanza wa somo la Historia ya Sanaa, huwaandikia waraka mrefu wa kuwaeleza ninayoyataraji kwao. Na waraka huo, ambao baadhi yao huusoma wote na wengine huuruka wakaenda moja kwa moja kutafuta tarehe za mitihani, umebadilika sana tangu nilipoanza kufundisha kwa intaneti hapa Nakuru. Hapo mwanzo ulijaa habari za mitambo: simu iwe ya namna gani, neno la siri lihifadhiwe vipi, kazi itumwe kwa njia ipi. Mambo hayo yamo bado, kwa kuwa hayana budi kuwamo, walakini siku hizi nimeyasogeza nyuma, na mbele yake nimetanguliza matakwa mengine ambayo nimeyapata kwa wanafunzi wenyewe, kwa kuwaangalia walivyotaabika na walivyofaulu. Naona yafaa niyaandike, maana wanaosomea nyumbani wanaongezeka mwaka hata mwaka, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoundwa makusudi kwa masomo ya namna hiyo, kimekwisha kupata hati yake tangu mwaka 2023.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nilikua nikipita kila siku mbele ya milango ya mbao iliyochongwa nakshi za maua na minyororo, na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa kwetu sisi watoto ni ukuta wa kuegemea wakati wa mchezo. Vitu vile nilivijua kwa mkono kabla ya kuvijua kwa kitabu. Nilipopanda bara kuja kufundisha, watu kadha wa kadha waliniambia kwa huruma kwamba nimekuja mahali pasipo na sanaa ya kufundishia, mji wa reli na ngano na maziwa, na kwamba itanilazimu kuwaonyesha wanafunzi picha za mbali tu. Sikuliamini neno hilo hata siku moja, na kila mwaka niliokaa hapa umenizidishia yakini kwamba halina ukweli.

Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo vyote kwa sababu ya maradhi ya korona, tuliamriwa tuendelee na masomo kwa intaneti, na katika muda wa wiki chache darasa langu, lililokuwa likikaa pamoja katika chumba kimoja chenye projekta, likatawanyika katika Bonde la Ufa zima. Mmoja alikuwa Olenguruone, na ili apate mtandao ilimbidi apande kilima kilicho nyuma ya boma la wazazi wake. Mwingine Naivasha, mfanyakazi wa shamba la maua, ambaye alikuwa akifungua somo usiku baada ya zamu, vidole vyake vikiwa vingali na mikwaruzo ya miiba ya waridi. Wengine Molo, Subukia, Gilgil, Marigat. Korona ilipopungua vyuo vilifunguliwa, lakini wengi miongoni mwa wale waliosomea nyumbani hawakuwa na njia nyingine ya kusoma isipokuwa hiyo, na baada yao wakaja wengine walio mbali zaidi, akiwemo binti wa Nakuru aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani huko Doha. Hao ndio walionifunza kazi ya kufundisha mtu nisiyemwona, kitu ambacho na yeye hakioni.

Jambo la kwanza nililoling'amua ni kwamba kioo cha simu husawazisha vitu vyote. Sanamu ndogo ya mwanamke iliyofukuliwa Willendorf, nchini Austria, mwaka 1908, ina urefu wa sentimita 11, nawe waweza kuifumbata mkononi. Mona Lisa ya Leonardo da Vinci ina sentimita 77 kwa 53. Na Guernica, picha aliyoichora Pablo Picasso mwaka 1937 baada ya mji wa jina hilo kupigwa mabomu katika vita vya Uhispania, inakaribia mita 3.5 kwenda juu na mita 7.8 kwa mapana. Kwenye simu zote tatu ni sawasawa, zote zinaenea kiganjani, zote zinapita kwa kusukumwa na kidole kimoja. Vipimo vimeandikwa chini ya picha, na wanafunzi huvikariri kwa ajili ya mtihani kama wanavyokariri nambari za simu, bila ya mwili kupata habari yoyote. Nikaona kwamba nisipofanya tadbiri, watamaliza muhula wakiwa na majina mengi na tarehe nyingi vichwani, ilhali hawajaona kitu hata kimoja.

Ndipo nilipowaagiza waipime Guernica juu ya ardhi. Msichana wa Molo alichukua kamba ya mkonge na vijiti vinne akaenda katika shamba la viazi lililokwisha kuvunwa, akaukaza mstatili ule juu ya matuta, kisha akaniandikia alivyoona. Alisema kwamba aliposimama mwisho mmoja wa kamba, mahali ambapo mama amemshika mtoto wake aliyekufa, hakuweza kumwona kwa jicho moja yule mtu wa mwisho mwingine anayeinua mikono ndani ya moto. Ilimbidi atembee, na kutembea kwenyewe kukamchukua muda, na katika muda ule alikuwa na wale watu waliokuwa wakipiga kelele. Ndugu zake wadogo waliingia ndani ya kamba wakalala chini kuona kama wataijaza; hawakuijaza. Katika maandishi yote niliyopata kwa wanafunzi juu ya picha ile, mengine yakiwa yamepambwa kwa maneno makubwa ya wahakiki, sikupata jingine lililonigusa kama hilo, kwa kuwa aliyeliandika aliipata taarifa kwa miguu yake.

Tangu wakati huo kupima ni sharti katika somo langu, na hupimwa kwa kamba, kwa kitambaa, kwa mstari wa mkaa ukutani mwenye nyumba akiridhia. Baada ya kupima huja kutazama. Profesa Jennifer Roberts wa Chuo Kikuu cha Harvard hutaka wanafunzi wake wakae mbele ya kazi moja ya sanaa kwa saa tatu kamili kabla ya kuanza utafiti juu yake, na ingawa wengi hushtuka wakilisikia hilo kwa mara ya kwanza, mimi nalishuhudia kwamba ni haki. Wanafunzi wangu nawataka saa moja. Wapakue picha mara moja, maana picha ikishapakuliwa haili bando tena, wafunge mlango wa mtandao, kisha waandike wanachokiona na saa waliyokiona: saa mbili na dakika kumi nimeona kuwa kivuli kinatoka upande wa kushoto, saa mbili na nusu nimeona mkono wa sita usio na mwenyewe. Kusoma waliyoyasema wengine kuje baadaye. Mtu akitangulia kusoma, macho yake huwa watumishi wa maneno ya mwingine, na kuyaachisha utumwa huo baadaye ni kazi ngumu.

Sipendi hata hivyo kukidhulumu kioo cha simu. Yapo mambo ambayo chakupa na ukumbi wa makumbusho hauwezi kukupa. Mwaka 2022 jumba la Rijksmuseum la Amsterdam lilitoa picha ya mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642, uitwao Night Watch, iliyopigwa kwa ustadi wa ajabu hata mtu aliye Subukia aweza kuusogelea uso wa askari mmoja akaona nyufa za rangi ndani ya jicho lake, ambapo mgeni aliyelipa kiingilio husimamishwa nyuma ya kizuizi. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliziachia picha za kazi zake nyingi zitumiwe bure tangu 2017. Kadhalika nikiwaonyesha kazi za Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, aliyekuwapo huko tangu 1950 hadi 1952 na ambaye uzeeni alitengeneza picha zake kwa kubandika vipande vya karatasi za pakiti za bidhaa za dukani, huwaambia wakuze picha mpaka wayaone makali ya karatasi iliyochanwa. Hapo kioo ni auni kubwa. Bali wajue pia kwamba rangi inayowafikia imepita mikono mingi. Kwa hiyo nawaagiza watafute picha tatu za kazi moja, waziweke pamoja, waone jinsi buluu ya hii ilivyo kijani katika ile, na waiamini zaidi ile inayotoka kwa jumba linaloimiliki kazi yenyewe, na wasiiamini kabisa iliyotumwa kwa WhatsApp ikazungushwa kutoka simu hadi simu.

Juu ya muda nitasema kwa ufupi, ingawa ndio unaoangusha watu wengi. Wapo wanaodhani kwamba somo la intaneti ni jepesi kwa kuwa hakuna anayewaona wakisinzia. Somo moja la muhula katika vyuo vyetu ni saa 40 na ushei za darasani, na nje ya saa hizo kuna kusoma na kuandika kwa kiasi hicho hicho au zaidi. Saa hizo hazipunguki kwa sababu darasa limehamia jikoni kwa mama. Anayefanya kazi na achague saa zake mapema, azitangaze nyumbani ili watu wazijue, na kama ni saa kumi za alfajiri, basi ziwe hizo kila siku. Na jambo la pili, ambalo nalishikilia kuliko tarehe zenyewe, ni taarifa. Stima hukatika, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ilikatika karibu nchi nzima, na hakuna mwalimu mwenye akili ambaye angeuliza kazi ilikuwa wapi usiku ule. Bando huisha, mtoto huugua, ng'ombe huzaa usiku wa kuamkia mtihani. Aniambiaye kabla ya wakati kwamba atachelewa, na sababu yake ni ipi, hatapoteza alama kwangu. Anyamazaye wiki tatu kisha akarudi na hadithi, huyo amenifunga mikono.

Tulipoweza kukutana tena, niliwaita wote wanaofika kwa nauli ya matatu tukutane Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho nje kidogo ya mji, kando ya barabara ya Nairobi. Mahali hapo mwanaakiolojia Mary Leakey alipafukua tangu mwaka 1937, akakuta makaburi, mabakuli ya mawe na yale mashimo makubwa ya mviringo yaitwayo ya Sirikwa, ambayo wataalamu wanaona kuwa yalikuwa mazizi ya mifugo. Na nyumba ya shamba iliyokuwapo imekuwa makumbusho tangu 1965. Wengi wa wanafunzi wale, wenyeji wa Nakuru tangu kuzaliwa, walikuwa wamepapita pale mara zisizohesabika bila ya kushuka. Niliwapeleka penye mwamba wenye bao. Watu wa zamani waliyachimba mashimo ya mchezo ndani ya jiwe lenyewe, safu kwa safu, na leo mtu akiinama akatia vidole ndani ya shimo moja, huona jinsi kingo zilivyo laini. Kijana wa Gilgil, ambaye katika mijadala yetu ya mtandaoni hakuwa akisema neno, alichutama hapo, akachukua changarawe akaanza kugawa kete, na kumbe anajua kucheza kwa kufunzwa na babu yake. Wenzake wakamzunguka, akawaeleza mkono unavyokwenda na kwa nini mchongaji aliacha nafasi pana zaidi upande mmoja, ili mchezaji apate pa kukaa. Hilo la pa kukaa mimi sikuwa nimelisoma popote. Alilijua kwa kuwa alikaa.

Kutoka hapo tukaenda Kariandusi, baina ya Gilgil na Elementaita, ambako Louis Leakey alivumbua mwaka 1928 mashoka ya mkono ya mawe ambayo umri wake unakaribia miaka milioni moja. Mengine yamechongwa katika jiwe jeusi la volkano ling'aalo mithili ya kioo. Niliwauliza swali ambalo huliuliza kila mwaka na ambalo huwagawa kila mwaka: aliyelichonga jiwe hili akalisawazisha pande zote mbili, kuliko ilivyohitajika kwa kukatia nyama, je, alikuwa akitafuta uzuri? Mabishano yaliendelea ndani ya matatu hadi Nakuru. Sitaki waafikiane, nataka kila mmoja awe na hoja inayoanzia kwenye jiwe.

Lakini si wote walioweza kuja, na hapa ndipo lilipozuka jambo lililonifunza zaidi ya mengine yote. Niliwapa wote kazi ya kulieleza lile bao la Hyrax Hill, na kwa wasiofika niliweka picha. Kijana mmoja wa Baringo akaniletea insha safi, yenye aya zilizopangwa vizuri na maneno teule, ndani yake akiusifu ulaini wa mbao na ustadi wa seremala aliyelichonga bao lile. Niliisoma mara mbili. Bao lile limo ndani ya mwamba wa kilima. Hakuna mbao wala seremala. Nilijua mara moja kwamba insha ile imetungwa na programu ya akili unde, iliyosikia neno bao ikakisia mti, maana mabao mengi duniani ni ya mti. Siku hizi programu hizo zinaandika Kiswahili na Kiingereza kuwapita wanafunzi wengi, nami siwezi kuzifukuza duniani, wala sitaki kukesha nikiwinda nani amezitumia. Nilimpigia simu yule kijana. Hakukana. Aliniambia kwamba hakuwa na nauli ya kuja Nakuru, na picha niliyoiweka ilikuwa nzito, haikufunguka kwenye simu yake, naye aliona aibu kuniambia.

Nilimwuliza: Hapo ulipoketi sasa hivi, kuna kitu gani ambacho mtu amekitengeneza kwa mkono akakipamba? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, Mwalimu, hapa hakuna kitu, kuna vibuyu tu vya nyanya. Nikamwambia achukue kimoja akishike, anieleze kwa simu. Akaanza kwa kusitasita. Kibuyu kirefu, shingo nyembamba, rangi ya kahawia iliyoiva kwa mikono na moshi. Kifuniko cha ngozi kilichoshonewa simbi. Mkanda wa ngozi wa kuning'inizia, wenye shanga nyekundu na nyeupe, chache zimekatika. Ubavuni ufa, na ufa umeshonwa kwa uzi, mshono umepangwa kwa pembe hata umekuwa kama nakshi. Ndani, harufu ya mkaa wa mti wanaosugulia kabla ya kumimina maziwa ya mursik. Alipofika kwenye mshono sauti yake ilibadilika, akasema hajawahi kuutazama. Alikuwa amekunywa kutoka kwenye kibuyu kile tangu utotoni.

Insha aliyoiandika mara ya pili ilikuwa na makosa ya tahajia na sentensi zilizokatika, na ilikuwa kazi ya mwanafunzi wa historia ya sanaa. Nikamwonyesha basi ya kwamba nchi hii ina habari ndefu juu ya vitu kama hicho. Mwaka 1938, kando ya Mto Njoro, akina Leakey walifukua pango ambamo watu wa kale walichoma na kuzika maiti zao yapata miaka 3000 iliyopita, na moto ule ule uliochoma miili ukavigeuza vibuyu na chombo cha mti chenye nakshi kuwa makaa, na kwa kuwa makaa hayaozi, vikabakia, pamoja na shanga za mawe na mabakuli ya mawe yaliyokuwa yamewekwa na wafu. Yule kijana aliuliza swali ambalo ningetamani niliulize mimi: Je, wale nao walishona nyufa? Hilo ni swali la mtu aliyekwisha kuingia katika ilimu hii kwa mlango wake mwenyewe.

Tangu hapo nimeibadilisha mizani ya somo zima. Vitabu tunavyotumia, vingi vyavyo vimeandikwa Marekani na Uingereza, huanza na mapango ya Ufaransa, vikaenda Misri, Ugiriki, Roma na Italia, na Afrika huwekewa sura moja, mara nyingi isiyo na tarehe. Siviondoi, kwa kuwa Leonardo ni haki ya mtoto wa Molo kama alivyo haki ya mtoto wa Florence, na mtihani utamwuliza. Ila nawataka wajue nani amechagua mwanzo wa kitabu na kwa nini. Nawapeleka kwa picha, na wawezao kwa miguu, hadi kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, ambako Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alichora ukutani mwaka 1959 habari za Kristo tangu kuzaliwa hata kusulubiwa, akamfanya Kristo Mwafrika aliyezaliwa katika nchi ya vilima inayoonekana nje ya mlango wa kanisa lile lile. Mwanafunzi akiitazama kazi hiyo kando ya kazi za Italia, huona kwamba wachoraji wa Italia nao walimfanya Kristo azaliwe katika vilima vyao, na jambo ambalo kitabu kililipitisha kama kawaida linamjia sasa kama uamuzi wa mtu.

Yule binti wa Doha alinitendea hisani kubwa katika habari hii. Siku yake ya mapumziko alikwenda katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, lililofunguliwa huko mwaka 2008, akasimama mbele ya taa za msikiti za vioo vilivyoandikwa kwa rangi, akatuandikia sisi tulioko Nakuru kuhusu upande wa nyuma wa taa, ambao hauonekani katika picha yoyote tuliyokuwa nayo. Alisema kwamba mwandiko ule unazunguka, na msomaji hana budi kuzunguka nao. Darasa zima lilimwonea fahari. Kwa mwezi ule yeye, aliyekuwa mbali kuliko wote, ndiye aliyekuwa macho yetu, na wengine wakaanza kuona kwamba wao pia wana mahali wanapoweza kuwa macho ya wenzao.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ya muhula, ambayo zamani ilikuwa mtihani wa saa mbili mbele ya kamera, sasa ni karatasi ya maelezo, kama ile inayobandikwa kando ya kitu katika makumbusho. Kila mwanafunzi huchagua kitu kimoja kilichoko umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwake, akakipima, akakitazama, akaandika kimetengenezwa kwa kitu gani, lini, kwa kazi gani, na nani amekitengeneza. Hilo la mwisho nalikazia sana. Katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani vimo vitu vya Afrika Mashariki maelfu kwa maelfu, na karibu vyote vimeandikwa kwamba msanii wake hajulikani. Alijulikana. Alikuwa na jina na mke na madeni, na majirani zake walikijua kigoda chake wakikiona. Ila aliyekichukua kitu hakuuliza, au aliuliza asiandike. Mwanafunzi wangu wa Kabarnet au Bahati hawezi kwenda London kulirudisha jina lililopotea, lakini aweza leo kuvuka ua akamwuliza jirani.

Kijana wa Baringo alikichagua kibuyu chake tena, nami sikumkataza, maana alisema hajakimaliza. Alikwenda kwa nyanya yake na daftari. Bibi yule alimtajia jina la aliyeushona ufa, ambaye alikuwa mke mwenza wa mama yake, na mwaka ambao alimtajia kwa ukame wa wakati ule, na akaridhia jina la mshonaji liandikwe. Walakini alipotoa simu akipige picha, bibi alikataa. Alisema kibuyu kitupu hakipigwi picha, kitaonekana kama cha nyumba isiyo na ng'ombe. Angoje mpaka maziwa yatiwe na yaive. Kijana akaniandikia siku hiyo hiyo kwamba kazi yake itachelewa na sababu yake ni hiyo. Ilipofika, tarehe ilikuwa imekwisha kupita, na kibuyu kilikuwa kimejaa, kimefunikwa, kimesimamishwa mlangoni penye mwanga, na chini yake maelezo ya mistari kumi kwa Kiswahili na ya mistari kumi kwa lugha yao, Kitugen, vipimo vimo, ufa umo, na jina la mshonaji limeandikwa mahali ambapo kitabu chetu huandika la Rembrandt. Nilimpa alama zote.